Presha ya Damu na Afya ya Kinywa kwa Watu Wazima
Shinikizo la juu la damu, ambalo wengi huliita presha, ni hali ambayo vipimo vya mtu mzima hurudia kufika 140 kwa 90 au zaidi, namba ya kwanza ikiwa ni msukumo wa damu moyo unapojikamua na ya pili ni msukumo unaobaki moyo unapolegea. Kinywani nako, ukoga, yaani utando wa bakteria unaoganda penye shina la jino, usipoondolewa huzivimbisha fizi zikatoka damu, na uvimbe ukidumu kwa miaka hula mfupa unaolishika jino. Bakteria hao na kemikali za uvimbe hupenya hadi kwenye damu, na wataalamu wengi huamini kwamba huidhuru ngozi laini ya ndani ya mishipa, ikashindwa kuilegeza mishipa ipasavyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wenye ugonjwa mkali wa fizi walikuwa na uwezekano wa kuwa na presha uliozidi wa wengine kwa takriban asilimia 49; hata hivyo sigara, kisukari na umri huchochea maradhi yote mawili, kwa hiyo namba hiyo haitoshi kuthibitisha kwamba moja huzaa jingine.

Lililo wazi zaidi, na linalosahauliwa mno, ni athari za dawa. Amlodipini na nifedipini, ambazo huitanua mishipa kwa kuzuia kalsiamu kuingia katika misuli yake, huwafanya baadhi ya wagonjwa waote fizi nene zinazopanda juu ya meno, hasa penye ukoga mwingi, na mgonjwa ambaye hakuonywa huweza kuziacha dawa kwa hofu, jambo la hatari kuliko fizi zenyewe, ilhali daktari angeweza kumbadilishia dawa na meno yakasafishwa. Dawa za kukojosha, zinazotoa maji na chumvi mwilini, nazo huweza kukausha kinywa, na mate yakipungua asidi itokanayo na sukari hukaa muda mrefu juu ya meno; anayemumunya peremende ili kujilainisha kinywa huongeza kuoza kwa meno.

Jino linapouma, wengi hununua diklofenaki au ibuprofeni dukani, dawa ambazo huyafanya mafigo yazuie chumvi na maji, zikapandisha presha na kupunguza nguvu ya dawa zinazoishusha. Kwa kawaida parasetamoli ndiyo inayofaa zaidi kwa siku chache za kusubiri matibabu. Siku ya kung'oa jino, presha hupimwa kwanza, na ikifika 180 kwa 110 kazi isiyo ya dharura huahirishwa; kwa hiyo vidonge vya asubuhi hiyo humezwa kama kawaida, isipokuwa daktari ameagiza vingine, kwa kuwa maumivu na woga wa sindano ya ganzi peke yake hutosha kuipandisha.