Je, Wajua? Kupenda Hadithi Kunavyogeuka Kazi, Kutoka Bugendana Hadi Muyinga

Je, wajua kwamba mmoja wa waandishi waliosikilizwa sana Burundi aliwafikia watu wake kwa redio kabla hata hawajaona kitabu chake?

Tuanzie Bugendana, mkoani Gitega, katikati ya nchi. Huku nyumba hazikusanyiki pamoja kama katika vijiji vya Tanzania. Kila familia imejenga ndani ya shamba lake, migombani, na ukimuuliza mtu anakotoka atakutajia kilima chake. Tarehe 20 Julai 1996, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, kambi ya wakimbizi wa ndani hapo Bugendana ilivamiwa, na watu zaidi ya 300 wakauawa, wanawake na watoto wakiwemo. Siku tano baadaye serikali ikapinduliwa. Kidonda kikiwa bado kibichi, mwaka 1997 Studio Ijambo ya Bujumbura ilianza kutayarisha mchezo wa redio ulioitwa Umubanyi niwe muryango, yaani jirani ndiye ndugu. Mwandishi wake alikuwa Marie-Louise Sibazuri, mtunzi wa tamthilia na hadithi.

Katika mchezo huo familia mbili, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi, zinaishi zikitenganishwa na ua tu. Wanaazimana, wanagombana, wanasengenyana, watoto wao wanakua pamoja. Basi. Kwa maneno hayo machache mchezo unaonekana mwepesi, lakini hebu fikiri kazi aliyojitwika mwandishi: kuwapa wahusika wa pande zote mbili ucheshi, kosa na utu, katika lugha ambayo kila msikilizaji ataitambua kuwa ni ya nyumbani kwake, na kufanya hivyo kipindi baada ya kipindi, kwa mamia. Mchezo wa redio haumsubiri mtunzi apate hamu ya kuandika. Wiki ikigeuka, kurasa zinatakiwa studioni. Hiyo ni ajira kamili, na mwanamke huyu aliifanya kwa Kirundi, lugha inayozungumzwa na karibu kila Mrundi, wakati vitabu vingi vya nchi vilikuwa vikiandikwa kwa Kifaransa.

Je, wajua kwamba kuna wasimulizi wa Burundi ambao kazi yao ni kunong'ona?

Ala yao ni inanga: ubao mrefu uliochimbwa katikati kama mtumbwi mdogo, ukapitishwa kamba moja huku na huko hadi zikapatikana nyuzi nane au karibu na hapo. Mpigaji huchezesha nyuzi na kusimulia kwa mnong'ono. Kuna fumbo la lugha hapo. Kirundi ni lugha ya toni, neno hubadilika maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na mnong'ono hauna kupanda wala kushuka. Masikio ya msikilizaji huchukua toni kutoka kwenye nyuzi na konsonanti kutoka kwenye midomo ya msimulizi, kisha huziunganisha yenyewe hadi ionekane kana kwamba ubao ndio unaosema. Sijui namna nyingine ya kusimulia inayomfanya msikilizaji kuwa mshiriki kiasi hicho.

Je, wajua kwamba klabu ya waandishi wa Bujumbura imechukua jina la mtu wa kwenye ngano?

Jina ni Samandari, mcheshi mwenye ulimi mwepesi anayejulikana katika masimulizi ya Kirundi. Mtoto wa Burundi hukutana na watu wa aina yake jioni, saa ya hadithi na vitendawili. Pale ambapo sisi tunasema "Kitendawili!" na kujibiwa "Tega!", wao husema "Sokwe!" na kujibiwa "Niruze!" Waandishi vijana walipotaka mahali pa kukutana kila wiki, kusomeana kazi zao na kukosoana bila kuogopana, hilo ndilo jina walilochagua.

Mmoja wa waanzilishi ni Roland Rugero, aliyezaliwa mwaka 1986. Alilelewa katika familia iliyopenda kusoma, na vita vilimpitisha ukimbizini Rwanda na Tanzania. Riwaya yake ya kwanza, Les Oniriques, ilitoka mwaka 2007. Ya pili, Baho!, ilitoka mwaka 2012 na kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2016, ikawa riwaya ya kwanza ya Mrundi kuvuka kuingia katika lugha hiyo. Baho kwa Kirundi ni "ishi!" Msomaji wa Kiswahili asikose kuliona hili: mhusika mkuu, Nyamuragi, ni bubu. Anashtakiwa kwa kosa zito kwa sababu ishara zake zimeeleweka vibaya, na kijiji kizima kinamkimbiza. Mwandishi aliyeishi kwa maneno ameweka katikati ya kitabu mtu asiye nayo.

Rugero alijipatia riziki kwa uandishi wa habari, katika gazeti la Iwacu. Nasisitiza jambo hili kwa ajili ya vijana wanaoniuliza kama riwaya inalisha. Katika nchi zetu hizi riwaya peke yake hulisha wachache mno. Lakini mtu anayependa hadithi ana milango mingi ya kugonga: uandishi wa habari, uhariri, tafsiri, redio, uchapishaji, ukutubi, ualimu. Walio wengi hupitia miwili au mitatu kwa wakati mmoja, na sioni kwamba hilo limewapunguzia heshima.

Je, wajua kwamba tuzo ya hadithi fupi nchini Burundi imepewa jina la padri aliyeuawa Gitega?

Michel Kayoya alikuwa padri na mshairi. Aliandika kuhusu baba yake, na kuhusu kijana wa Kiafrika anayesimama kati ya dunia mbili. Mwaka 1972, katika mauaji yaliyowamaliza Wahutu wengi waliosoma, naye alichukuliwa. Baadaye waandishi wa hadithi fupi wakashindania tuzo yenye jina lake.

Je, wajua kwamba mwimbaji wa rap aliyezaliwa Bujumbura alipewa tuzo kubwa na wanafunzi wa sekondari?

Gaël Faye alizaliwa mwaka 1982, baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, akaondoka Burundi mwaka 1995 kwa sababu ya vita. Alisomea biashara, akafanya kazi ya fedha London, kisha akaacha mshahara huo akaingia kwenye muziki. Wazazi wengi wa Afrika Mashariki wangelia. Mwaka 2013 alitoa albamu, na mwaka 2016 ikaja riwaya yake Petit Pays, iliyotwaa tuzo ya Goncourt, ile inayoamuliwa na wanafunzi wa Ufaransa, ambao hupewa vitabu vinavyoshindanishwa, huvisoma darasani na kubishana hadi mshindi apatikane. Mwaka 2024 riwaya yake ya pili, Jacaranda, ilipata tuzo ya Renaudot.

Ndani ya Petit Pays kuna bibi mmoja wa Kigiriki, jirani, ambaye nyumba yake imejaa vitabu. Anamwazima mtoto Gabriel kimoja, kisha kingine, wakati mji unaanza kuwaka. Kila mwandishi niliyewahi kuzungumza naye ana mtu kama huyo katika maisha yake: shangazi, mwalimu, mkutubi, mzee wa mtaa mwenye sanduku la magazeti ya zamani. Azima moja tu.

Je, wajua kwamba mpelelezi mashuhuri wa Kiswahili alizaliwa kutokana na mapenzi ya kusoma habari za Sherlock Holmes?

Bwana Msa, mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni, ni mtoto wa Muhammad Said Abdulla wa Makunduchi, Unguja. Abdulla alikuwa mwandishi wa habari na mhariri. Alichukua umbo la hadithi alizozipenda, mpelelezi mtulivu na rafiki anayeshangaa, akalipeleka Unguja kwenye mizimu, mirathi, ndoa na siri za majumba. Kazi yake ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950, ikachapishwa mwaka 1960 kwa jina Mzimu wa Watu wa Kale. Zikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyingine. Kijana anayeambiwa kwamba kupenda mno wahusika wa watu wengine ni kupoteza wakati na amsome Bwana Msa. Mwandishi wake alianza kwa kupenda, akaiga, na alipomaliza kuiga alikuwa na kitu ambacho hakikuwahi kuwepo.

Je, wajua kwamba kuna watu wanaoishi kwa kusimulia filamu juu ya filamu?

Kenya anajulikana DJ Afro, Tanzania alivuma Lufufu, na Uganda kuna jeshi zima la wanaoitwa VJ. Filamu ya kigeni inaendelea, na msimulizi anaitia Kiswahili au Kiganda papo hapo, anawapa wahusika majina ya mtaani, anaeleza desturi, anaongeza vituko. Katika vibanda vya video wapo watu waliochagua filamu kwa sababu ya sauti ya msimulizi, bila kujali nani anaigiza.

Je, wajua kwamba Muyinga kuna maktaba ambayo watoto husoma wamelala ndani ya wavu?

Turudi Burundi. Muyinga ni mji wa kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, njia ya kuelekea mpaka wa Kobero na Tanzania, na Kiswahili si kigeni huko. Mwaka 2012 ilikamilika maktaba iliyobuniwa na wasanifu wa BC Architects kutoka Ubelgiji pamoja na shirika la wenyeji la ODEDIM, ikiwa jengo la kwanza la shule iliyokusudiwa watoto viziwi. Kuta ni matofali ya udongo wa hapo hapo, yaliyoshindiliwa bila kuchomwa. Mbao ni mikaratusi, vigae vya paa ni udongo uliochomwa. Mbele kuna baraza ndefu yenye kivuli, kwa sababu Mrundi, kama jirani zake, hupenda kukaa barazani. Na upande wa watoto, juu, umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za mkonge. Mtoto anapanda na kitabu chake, anajitupa humo na wenzake, wavu unabonyea, anafungua ukurasa.

Sibazuri aliwafikia watu wake kwa sikio. Hawa wa Muyinga watafikiwa kwa jicho na kwa vidole, na ninapofikiria Nyamuragi, bubu wa Rugero aliyekosa mtu wa kuzielewa ishara zake, natamani sana mmoja wao siku moja amwandike upya, kwa jinsi ambavyo sisi wenye kusikia hatuwezi.