Zana za 'bure' za kutengeneza michezo: Zipi ni zawadi, zipi ni mali kauli?

HAKUNA mfanyabiashara wa hapa nchini asiyeijua mali kauli. Unapewa mzigo bila kutoa hata shilingi, unauza, kisha unarudi kwa mwenye mali na hesabu yake. Unapoubeba mzigo unajiona umepata mtaji wa bure. Ukweli unajulikana siku ya hesabu.

Biashara ya kutengeneza programu za simu na michezo ya kompyuta nayo inakwenda hivyo hivyo. Vijana wengi wanavutiwa nayo kwa sababu masomo yake na zana zake hupatikana bure kwenye intaneti. Lakini neno 'bure' lina maana zaidi ya moja katika soko hili, na anayetaka kuweka fedha zake humo, au anayeombwa na mdogo wake fedha za kununulia kompyuta, hana budi kuzitofautisha maana hizo kabla ya kufungua mkoba.

Masomo: Bei ni sifuri, muda ni ghali

Upande wa masomo, soko linampendelea mnunuzi. Somo la msingi la sayansi ya kompyuta la Chuo Kikuu cha Harvard, linalojulikana kama CS50 na kufundishwa na Profesa David Malan, liko wazi kwa mtu yeyote duniani mwenye intaneti. Chini ya jina hilo hilo lipo pia somo la kutengeneza michezo. Shirika la freeCodeCamp, lililoanzishwa mwaka 2014, hufundisha uandishi wa programu bila kutoza ada. Google nayo hutoa bure masomo ya kutengeneza programu za simu za Android, na kampuni ya Unity mwaka 2020 iliyafungua bure kwa wote masomo yake ambayo awali yalikuwa ya kulipia.

Mara nyingi kinachouzwa hapa ni cheti. Kwenye jukwaa la edX, kwa mfano, mtu anaweza kusoma masomo mengi bila malipo, lakini akitaka cheti kilichothibitishwa atalipia. Kwa anayetafuta ajira cheti kinaweza kuwa na maana. Kwa anayetaka kuuza mchezo wake mwenyewe hakina uzito, kwani mnunuzi haulizi mwenye mchezo alisoma wapi. Gharama halisi ni nyingine: masomo mengi yako katika Kiingereza, video hula vifurushi vya intaneti, na hakuna mwalimu wa kumfuatilia mwanafunzi anayekata tamaa wiki ya tatu.

Zana za aina tatu

Mtengenezaji wa michezo huhitaji kwanza injini, yaani programu inayobeba kazi nzito ya kuchora picha, kusogeza vitu na kucheza sauti, ili yeye ashughulikie mchezo wenyewe. Injini zinazotajwa kuwa za bure ziko za aina tatu.

Aina ya kwanza ni zawadi. Injini ya Godot ilianzishwa na Waargentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na kutolewa kwa umma mwaka 2014 kwa leseni ya MIT. Leseni hiyo inamruhusu mtu kuitumia, kuibadili na kuuza alichotengeneza bila kulipa mrabaha. Blender, programu ya kuchora vitu vya pande tatu, ni ya kundi hili pia. Mwaka 2002, kampuni iliyokuwa ikiimiliki ilipofungwa, watumiaji walichanga euro 100,000 ili iachiwe umma. Asidhani mtu kwamba cha bure ni cha hovyo: filamu ya 'Flow' kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilipata tuzo ya Oscar mwezi Machi 2025.

Aina ya pili ni mali kauli yenyewe. Injini ya Unreal ya kampuni ya Epic Games hutolewa bure tangu mwaka 2015, lakini mchezo ukiuza kupita dola milioni 1 za Marekani, Epic hudai mrabaha wa asilimia 5 ya kinachozidi hapo. Kwa mwenye mtaji mdogo masharti haya si mabaya, kwani wachache sana hufika kiwango hicho, na anayefika anayo fedha ya kulipa.

Aina ya tatu ni ya mpangaji. Unity hutumika bure mpaka mapato ya mwaka yafikie kiwango kilichowekwa, ambacho sasa ni dola 200,000. Ukivuka, unahamia leseni ya kulipia kila mwaka kwa kila mtumiaji. Hatari ya mpangaji ni kwamba mwenye nyumba anaweza kubadili masharti, na hilo lilitokea.

Kisa cha Septemba 2023

Septemba 12, 2023, Unity ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 ingetoza ada kila mara mchezo unapowekwa kwenye simu au kompyuta ya mchezaji, mara mchezo huo utakapovuka viwango fulani vya mapato na idadi. Kwa watumiaji wa leseni ya bure ada hiyo ilikuwa senti 20 za dola. Michezo mingi ya simu hutolewa bure na kutegemea matangazo. Mchezo unaoingiza senti 10 kwa kila mchezaji ungedaiwa mara mbili ya unachoingiza.

Kilichowaudhi watengenezaji zaidi ya bei yenyewe ni kwamba ada ingegusa hata michezo iliyokwisha kuuzwa kwa masharti ya zamani. Kampuni ya Re-Logic, yenye mchezo wa 'Terraria', ilijibu kwa kuipa Godot dola 100,000. Kampuni ya Mega Crit nayo ilipotangaza mwaka 2024 mchezo wake wa 'Slay the Spire 2', ulikuwa ukitengenezwa kwa Godot.

Siku 10 baada ya tangazo la kwanza, Unity ililegeza masharti na kuwaondolea ada hiyo watumiaji wa leseni ya bure. Oktoba 2023 mkurugenzi mkuu, John Riccitiello, aliondoka. Septemba 2024 ada ikafutwa kabisa kwa michezo, huku leseni za kulipia zikipandishwa bei.

Wenye hisa nao wana la kujifunza. Unity iliingia Soko la Hisa la New York Septemba 2020 kwa dola 52 kwa hisa. Novemba 2021 hisa hiyo ilipita dola 200. Katikati ya mwaka 2024 ilikuwa chini ya dola 20. Si ada hiyo peke yake iliyoishusha, kwani ilikuwa imekwisha kuporomoka mwaka 2022. Hata hivyo, kampuni ambayo bidhaa yake ni imani ya wateja haina akiba nyingine imani hiyo inapokwisha.

Kodi ya kizimba

Mchezo ukikamilika unahitaji mahali pa kuuzia, na hapo ndipo fedha taslimu huanza kutoka mfukoni. Viingilio vya masoko makubwa ni hivi:

Duka la Google Play: dola 25, mara moja tu.
Duka la Apple: dola 99 kila mwaka.
Duka la Steam, kwa michezo ya kompyuta: dola 100 kwa kila mchezo, zinazorudishwa mchezo ukiingiza dola 1,000.

Aidha, duka huchukua fungu lake katika kila mauzo. Steam huanzia asilimia 30. Apple na Google nazo zilizoea asilimia 30, lakini mwaka 2021 zilishusha hadi 15 kwa wauzaji wadogo, kwa kipimo cha dola milioni 1 kwa mwaka. Google iliongeza pia sharti kwa akaunti mpya za watu binafsi: tangu Novemba 2023 programu lazima ijaribiwe kwanza kwa siku 14 mfululizo na watu 20, idadi iliyopunguzwa kuwa 12 Desemba 2024. Asiye na watu 12 wa kumjaribia programu yake aanze kuwatafuta mapema.

Hesabu ya mezani

Tuchukue mfano. Kijana anatumia miaka 2 kutengeneza mchezo kwa zana za bure. Anauza nakala 1,000 kwenye Steam kwa dola 5 kila moja, jumla dola 5,000. Duka linakata 1,500, zinabaki 3,500. Mauzo yaliyofanyika Marekani hukatwa kodi ya zuio ya huko, hadi asilimia 30 kwa mkazi wa nchi isiyo na mkataba wa kodi na Marekani. Tanzania na Kenya hazina mkataba huo. Ikiwa nusu ya mauzo ni ya Marekani, zinaondoka dola 525 na kubaki 2,975. Gawanya kwa miezi 24: ni kama dola 124 kwa mwezi, kabla ya umeme, intaneti na kodi ya nyumbani. Zana hazikumgharimu kitu, ila miaka yake 2 ndiyo iliyokuwa mtaji.

Wapo waliofanikiwa. Eric Barone wa Marekani alitengeneza 'Stardew Valley' peke yake kwa miaka kama 4 na nusu, huku akifanya kibarua cha kuelekeza watu viti katika ukumbi wa maonyesho. Mchezo ulitoka Februari 2016, na hadi mwisho wa 2024 nakala zaidi ya milioni 40 zilikuwa zimeuzwa. Lakini hata yeye alijenga juu ya zana ya bure ya Microsoft, XNA, ambayo kampuni hiyo iliacha kuiendeleza. Baadaye mchezo ulilazimika kuhamishiwa MonoGame, zana ya wazi iliyochukua nafasi yake.

La kufanya

Kwa mwenye mtaji mdogo, ushauri ni huu. Kwanza, soma leseni kabla ya kuanza kazi, na utunze nakala ya masharti uliyoyakubali. Pili, ikiwa zana ya wazi kama Godot inatosha kwa kazi yako, anza nayo, kwani hakuna atakayekuja kudai hesabu. Tatu, mchezo wa kwanza uwe mdogo, wa miezi 3 badala ya miaka 2, ili ulijue soko kwa hasara ndogo. Nne, usiache kibarua.

Na wewe unayeombwa fedha za kompyuta, usikatae kwa kuwa ni michezo. Muulize kijana maswali mawili tu: zana yake ni ya nani, na mchezo wake wa kwanza utamalizika lini. Akiyajibu yote mawili kwa tarehe na jina, hapo mnaweza kuzungumza bei.