Ethi ya gari si ethi ya nyumba

Mwambie fundi wa magari kwamba taa za mbele zinafifia, na huenda akakujibu papo hapo: "Ethi imelegea." Atachukua spana akaze waya mnene unaotoka kwenye hasi ya betri na kufungwa kwenye bodi. Gari lenyewe limesimama juu ya matairi ya mpira, wala halina waya unaogusa udongo. Ethi hiyo ni bodi tu, njia ya umeme kurudi kwenye betri.

Ethi ya nyumba ina kazi nyingine kabisa. Ni waya wa kijani na njano unaotoka kwenye soketi hadi kwenye fimbo iliyozikwa nje ya ukuta. Siku zote umekaa kimya. Waya wa moto ukichubuka na kugusa bodi ya friji, umeme hukimbilia huko, na breka ya kinga, kama imefungwa sawasawa, hukata.

Neno tumelitoa kwa Waingereza, nao hulitumia kwa yote mawili. Wamarekani husema "ground", na mkanganyiko ni uleule. Wafaransa wametenganisha: bodi ya gari au redio ni "masse", udongo ni "terre". Wajerumani nao wana "Masse" na "Erde".

Kuchanganya huku kuna asili yake. Mwaka 1838 Mjerumani Carl August von Steinheil aligundua kwamba telegrafu inaweza kutumia waya mmoja tu, umeme ukarudi kwa kupitia ardhini. Hapo udongo ndio uliokuwa njia ya kurudi, kwa hiyo neno moja lilitosha.

Majumbani mwetu halitoshi, na hili linanitia hofu. Fundi asiye na fimbo huunganisha ethi na nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, ndani ya soketi, kwa hoja kwamba zote "zinarudi". Friji itafanya kazi vizuri tu. Lakini siku nyutro ikikatika kabla ya kufika kwenye soketi, umeme utapita ndani ya friji, uvuke kiungo kile na kuja kwenye bodi, pale pale mtoto anaposhika mlango akitafuta maji baridi.

Kabla ya kumlipa fundi wa nyumba, mtake akuonyeshe fimbo ilipozikwa, kisha afungue soketi moja uone waya wa kijani na njano unaelekea wapi.