Jua la Ukambani, Ukungu wa Mahindi na Utumbo wa Kuku

Kuku wa kienyeji anayechakura uani huko Kitui au Makueni, Ukambani nchini Kenya, kusini kidogo mwa Ikweta, hapungukiwi na jua, na miale ya urujuanimno inapopiga ngozi ya miguu yake isiyo na manyoya hugeuza aina ya kolesteroli iliyomo kuwa vitamini D3. Vitamini hiyo, hata hivyo, bado haijapata nguvu, kwani sharti ibadilishwe kwanza katika ini, kisha katika figo, ndipo iwe homoni inayozifanya seli za utumbo zifyonze kalsiamu ya mifupa na ya maganda ya mayai.

Namna inavyofanya hivyo ilianza kueleweka mwaka 1966, pale Robert Wasserman na Alan Taylor wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipogundua katika utumbo wa vifaranga protini inayoikamata kalsiamu, ambayo leo huitwa kalbindini. Lakini protini hiyo haitoshi kueleza kila kitu, na hapa ndipo penye uzito wa jambo hili. Majaribio mengine ya vifaranga, mwishoni mwa miaka ya 1970, yalionyesha kwamba kalsiamu iliendelea kupenya kwa wingi katika utando wa seli, yaani tabaka jembamba la mafuta na protini linaloizunguka seli, hata baada ya utengenezaji wa protini mpya kuzuiwa kwa dawa. Ilibainika kuwa homoni hiyo iligusa mafuta yenyewe ya utando unaoelekea chakula, ikaongeza fosfatidilikolini, mojawapo ya mafuta yenye fosforasi, na utando ukawa mwepesi zaidi kupitisha kalsiamu.

Kazi ya kuipa vitamini D3 nguvu huanzia katika ini, na ini ndilo linaloshambuliwa zaidi na sumukuvu, sumu ya kuvu wa mahindi iliyowapata watu 317 na kuwaua 125 mwaka 2004, wengi wao wakazi wa Makueni na Kitui waliokula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mahindi yaliyoota ukungu hayapaswi kutupiwa kuku, ingawa hasara ya kuyatupa ni chungu kwa mkulima wa nyanda kame: majaribio yameonyesha kwamba vifaranga wanaolishwa sumukuvu huhitaji vitamini D3 nyingi zaidi, na wanapoikosa mifupa yao hulainika.