Mintarafu ya Maumivu ya Hedhi na Kipimo cha Mate

Miongoni mwa maradhi ya wanawake ni machache yaliyodharauliwa kwa muda mrefu kama endometriosisi, ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa imewapata wanawake na wasichana wapatao milioni 190, yaani takriban mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Nyama inayofanana na ile iliyotanda ndani ya mji wa mimba huota mahali pasipo pake, juu ya vifuko vya mayai, kando ya matumbo, na kwa nadra hata kifuani. Nayo, kwa kuwa huitikia homoni kila mwezi, huvimba na kuvuja damu isiyo na pa kutokea, ikaacha makovu yanayogandisha kiungo na kiungo. Jahmby Koikai, mtangazaji wa Nairobi aliyefariki tarehe 3 Juni 2024 akiwa na umri wa miaka 38, alikuwa nayo kifuani, pafu likinywea pamoja na hedhi, na kwa kuyasimulia hayo hadharani bila ya haya aliwafundisha watu wa Afrika Mashariki mambo ambayo vitabu vya shule havikuwahi kuyataja.

Shida ya maradhi haya huanza katika kuyatambua. Tangu zamani tabibu hakuwa na yakini mpaka atoboe tumbo tundu dogo, aingize kamera na atazame kwa macho; na madhali upasuaji huo ni ghali na unahitaji bingwa, mgonjwa hukaa miaka minne, pengine kumi na miwili, akiambiwa kuwa ndio uanamke. Fauka ya hayo palikuwapo dhana, iliyosomeshwa katika vyuo vya udaktari vya Marekani, kwamba haya ni maradhi ya mabibi wa Kizungu wanaochelewa kuzaa. Donald Chatman, tabibu mweusi wa Chicago, alichapisha mwaka 1976 ushahidi wa kinyume: zaidi ya asilimia 20 ya wanawake weusi aliowachunguza kwa kamera walikuwa nayo, na si wachache katika hao walikwisha kuambiwa kwamba wana uambukizo wa nyonga. Dhana ile ingali hai, ijapokuwa siku hizi haisemwi kwa sauti.

Sasa tazama hali ya huku kwetu Malawi, mjini Lilongwe katika mitaa kama Chilinde, na ya kule Dzaleka wilayani Dowa, mahali palipokuwa gereza kabla ya kugeuzwa kambi mwaka 1994, ambapo wakimbizi zaidi ya 50,000, wengi wao wa Kongo na Burundi wenye kusema Kiswahili, wanaishi katika eneo lililokusudiwa watu kiasi cha 10,000. Kituo cha afya cha kambi huwatibu wao pamoja na Wamalawi wa vijiji vya jirani. Mwanamke mwenye maumivu ya nyonga hapo sharti apate rufaa ya kwenda hospitali kubwa, na ruhusa ya kutoka, ambayo haikuwa rahisi hasa baada ya serikali kuamuru mwaka 2023 kwamba wakimbizi wakaao mijini warejee kambini. Kwa mtu wa namna hiyo, habari ya kipimo kisichohitaji kisu si jambo dogo.

Habari yenyewe ilianzia kwa mnyoo. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun, wakichunguza kinyoo kisichozidi urefu wa milimita moja, waligundua kipande kifupi cha RNA chenye herufi takriban 22, ambacho hakikutengeneza protini yoyote bali kilipunguza kazi ya jeni nyingine. Wataalamu wengi walidhani ni kioja cha mnyoo tu, hata ilipodhihirika mwaka 2000 kuwa binadamu naye anavyo. Nao wawili hao wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2024. Vipande hivyo, maikroRNA, hutoka katika seli vikiwa vimefungwa ndani ya vifuko vidogo au vimeshikamana na protini, kwa hiyo haviozi upesi katika damu wala mate, na mchanganyiko wake hubadilika kwa maradhi.

Huko Yale, chuo kikuu cha Marekani, timu ya Hugh Taylor ilitangaza mwaka 2020 kwamba maikroRNA sita za damu ziliwatenga vema wenye endometriosisi na wasio nayo katika wanawake 100. Wafaransa walikwenda mbali zaidi: mwaka 2022 walichapisha habari za kipimo cha mate chenye kusoma maikroRNA 109 kwa mashine ya kusoma mfuatano wa herufi na hesabu za kompyuta, na mwaka 2025 serikali yao ikakubali kukilipia kwa majaribio, bei yake ikiwa zaidi ya yuro 800. Walakini miongozo ya mwaka 2022 ya ESHRE, chama cha matabibu wa uzazi wa Ulaya, iliwaonya matabibu wasitegemee viashiria vya damu kuyatambua maradhi haya; nazo orodha za maikroRNA hutofautiana kutoka utafiti mmoja hadi mwingine kiasi cha kutia shaka.

Mimi nina shaka yangu mahususi, nayo yahusu damu ya huku. Mojawapo ya zile sita za Yale, miR-451a, imejaa tele ndani ya chembe nyekundu. Chembe zikipasuka, hata kwa kuchotwa vibaya tu, humwagika na kupotosha hesabu, na malaria kazi yake ndiyo hiyo ya kupasua chembe nyekundu. Kisha kuna kichocho, ambacho katika fukwe za Ziwa Malawi huweka mayai hata katika viungo vya uzazi, kikaleta maumivu na utasa unaoshabihi endometriosisi. Na watafiti wamekwisha kuziona maikroRNA za mdudu wa kichocho mwenyewe zikielea katika damu ya watu. Kipimo kilichosanifiwa kwa damu ya Wamarekani au kwa mate ya Wafaransa hakikuwahi kukutana na mchanganyiko huo. Laiti wangewachunguza wanawake mia mbili wa Dowa! Ufundi wa kupima vipande vichache haupungui sana hapa, kwa kuwa maabara za Malawi zimezoea kwa miaka kupima RNA ya virusi vya UKIMWI kwa mashine za PCR. Kinachopungua ni utafiti wa kuonyesha ni vipande vipi vya kupima.

Kwa leo, miongozo ile ile ya Ulaya yamruhusu tabibu kuanza tiba kwa kusikiliza dalili, bila ya upasuaji: maumivu ya hedhi yanayomlaza mtu, maumivu ya tendo la ndoa, maumivu ya kwenda haja yanayozidi siku za damu. Tiba ya kwanza aghalabu ni dawa za kutuliza maumivu pamoja na vidonge vya majira, ambavyo hutolewa katika kliniki za uzazi wa majira. Havimfai anayetafuta mimba. Kwake huyo lililobaki ni barua ya rufaa na daktari wa upasuaji.