Kabla hujapanda, tembelea bustani ya jirani: mwongozo kwa wakazi wa Kasese na Bwera

Mwezi Mei 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilisitisha msaada wa chakula kwa wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda kwa sababu ya upungufu wa fedha. Kwa familia nyingi, bustani ndogo nyuma ya nyumba ndiyo inayoamua kama watoto watakula mboga leo. Mbegu ikiharibika, pesa ya kununua nyingine ni shida. Ndiyo maana inafaa uone kwanza bustani ambayo tayari inazaa.

Kwa nini nitembelee bustani ya mtu mwingine?

Ardhi ya Kasese hubadilika ndani ya kilomita chache. Karibu na mji wa Kasese na Hifadhi ya Queen Elizabeth ni tambarare, joto kali na mvua haba. Ukipanda miteremko ya Rwenzori kuna baridi na mvua zaidi, lakini maji hubeba udongo. Kilimo ulichokizoea Beni au Butembo huenda kisifae hapa. Jirani aliyelima misimu kadhaa tayari anajua mbegu ipi inastahimili.

Wenyeji nao wana la kujifunza. Wakimbizi wengi kutoka Kongo ni hodari wa lengalenga (mchicha, ambao wenyeji huita dodo), sombe na matembele.

Niende lini?

Hapa mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka: Machi hadi Mei, na Agosti hadi Novemba. Wakati mzuri wa kutembelea ni Juni na Julai, jua likiwa kali. Bustani yenye mboga mbichi mwezi Julai ina jambo la kukufundisha: jinsi ya kutunza maji. Pia utabaki na muda wa kuandaa kitalu kabla ya mvua ya Agosti.

Kufungulia wageni bustani si jambo jipya duniani. Nchini Uingereza, tangu mwaka 1927, wenye nyumba hufungua bustani zao na kiingilio husaidia kazi ya wauguzi. Ziara tunayoizungumzia hapa ni ya majirani, na haina kiingilio. Mtu akikudai pesa ili "akuandikishe" kwa ziara, usimpe.

Tupange vipi?

Kusanyikeni watu watano hadi kumi. Mwombeni mwenye bustani ruhusa siku kadhaa kabla, na mjulisheni mwenyekiti wa LC1. Kama mnaishi katika makazi ya wakimbizi kama Rwamwanja, mjulisheni pia kiongozi wa wakimbizi wa eneo lenu. Chagueni bustani tatu, zikiwemo za wenyeji na za wakimbizi.

Mkifika, salimieni kwanza: "Wabukire" asubuhi, "Wasibire" mchana. Anayezungumza Kinande ataelewana na Mkonzo bila taabu, kwa hiyo awasaidie wenzake. Msichume kitu wala kupiga picha bila ruhusa.

Nitazame na kuuliza nini?

- Maji: Anamwagilia saa ngapi? Je, anatumia maji yaliyooshea mboga? Je, amefunika udongo kwa nyasi kavu ili unyevu usipotee?
- Nafasi: Kama una uwanja mdogo au umepanga chumba, tazama bustani ya gunia. Gunia hujazwa udongo na samadi iliyooza, katikati hupangwa mawe ya kupitisha maji, na mboga hupandwa juu na kwenye matundu ya pembeni.
- Mteremko: Je, amechimba mitaro na kupanda mistari ya majani kukata kilima? Hiyo huzuia udongo usiondoke na mvua.
- Mbegu: Amezipata wapi? Anahifadhi zake mwenyewe?
- Hasara: Ni nini alichopanda kikafa? Jibu hili linaweza kukuokolea pesa nyingi.

Tahadhari: usibebe ugonjwa

Mnyauko wa bakteria wa migomba, uliogunduliwa Uganda mwaka 2001, husambaa kwa panga na machipukizi. Dalili zake ni majani kuwa ya njano na kunyauka, ndizi kuiva kabla ya wakati, na utomvu wa njano kutoka mgomba ukikatwa. Acheni mapanga na majembe nyumbani siku ya ziara. Ukikopeshwa panga, lipitishe kwenye moto kabla ya kukata mgomba mwingine.

Usichukue chipukizi kutoka shamba lenye dalili hizo. Vipando vya mihogo navyo vichukuliwe kwenye shina lenye afya. Majani yenye mabaka ya njano na yaliyojikunja ni dalili ya ugonjwa wa batobato.

Baada ya ziara

Ukipewa marando ya viazi au mbegu, rudisha shukrani: siku moja ya kupalilia, au mbegu zako utakapovuna. Kisha jaribu jambo moja tu kwanza, kwenye gunia moja au tuta moja. Likifaulu, ongeza msimu unaofuata, na umwalike aliyekufundisha aje kuona.