Mwalimu Aliyemaliza Darasa la Saba Juzi

Sogeeni, wanafunzi. Leo nawasimulia habari za walimu waliokuwa na umri wa kaka na dada zenu.

Mambo yalianzia Musoma, Novemba 1974. Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichoongoza nchi chini ya Mwalimu Julius Nyerere, ilikutana huko ikaamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri apate nafasi katika shule ya msingi. Awali ilipangwa jambo hilo litimie mwaka 1989. Madarasa hayakuwa tatizo kubwa sana. Wanakijiji wangefyatua matofali, wangeezeka nyasi, na darasa lisipotosha, watoto wangekaa chini ya mwembe. Lakini mwembe haufundishi. Walihitajika walimu kwa maelfu, na vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa wote kwa muda mfupi namna ile.

Basi kuanzia mwaka 1976 wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini kwao. Sehemu ya siku waliingia darasani kufundisha. Sehemu iliyobaki walikuwa wanafunzi: walisoma vijitabu vya masomo kwa njia ya posta, wakasikiliza vipindi vya redio, wakakutana na wakufunzi. Baada ya miaka mitatu walikwenda chuoni kwa muda mfupi, wakafanya mtihani, na aliyefaulu akapata cheti cha Daraja C. Zaidi ya vijana 40,000 walipitia njia hiyo. Watu waliwaita walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, na siwafichi, wengine walilitamka jina hilo kwa kubeua midomo.

Tumfuate mmoja wao. Simpi jina, maana nimemuunga kutoka kwa wengi. Ni binti wa miaka kumi na minane, na kijiji kizima kinamjua tangu anachunga mbuzi. Siku ya kwanza alipoingia darasa la pili, watoto walisimama wakaimba kwa pamoja, "Shikamoo, mwalimu!" Kabla hajaitikia marahaba, mtoto wa shangazi yake akapaza sauti kutoka nyuma, "Dada, mama anasema jioni upitie unga!" Darasa likaangua kicheko. Na nje, mzazi mmoja aliyekuja kumwandikisha mwanawe alikuwa anamnong'oneza mwenzake: huyu si alimaliza la saba juzi tu, atawafundisha nini watoto wetu?

Binti aliusikia mnong'ono ule, na swali likamkaa moyoni. Jioni akawasha koroboi, akafungua daftari la maandalio.

Ninyi mnamwona mwalimu akiwa amesimama mbele na chaki, mnadhani kazi yake inaanzia pale. Inaanza usiku uliopita. Kila somo lina andalio lake: tarehe, darasa, idadi ya wanafunzi, mada, lengo, zana, kisha hatua moja baada ya nyingine, upande mmoja kazi ya mwalimu na upande wa pili kazi ya mwanafunzi. Mada ya kesho ilikuwa kutoa kwa kukopa. Binti wetu akaandika kurasa mbili nzima. Upande wa mwalimu ulijaa hadi pembeni: ataeleza, ataonyesha, atasisitiza, atarudia. Upande wa mwanafunzi kulikuwa na neno moja tu, atasikiliza, limeandikwa tena na tena. Kwenye lengo akaandika kwamba watoto wataelewa kutoa.

Asubuhi alimpelekea mwalimu mkuu. Mzee yule alikuwa na kawaida ya kusoma andalio polepole huku kalamu nyekundu imelala sikioni.

"Mwanangu," akasema, "kuelewa utakuona wapi?"

"Sijakupata, Mwalimu."

"Umeandika wataelewa. Sasa kengele ikilia, utajuaje kama wameelewa? Niandikie kitu ninachoweza kukiona kwa macho."

Binti akafuta, akaandika kwamba kila mtoto ataweza kutoa 17 katika 32. Mzee akatia sahihi. Hakugusa yale yaliyobaki, na mimi naamini aliyaacha makusudi.

Kipindi kikaanza. Ubao ulikuwa umepakwa upya kwa mkaa wa betri kuukuu za redio, mweusi tititi. Akaandika 32, chini yake 17. Mbili kutoa saba haiwezekani, akasema, kwa hiyo mbili inakwenda kukopa kwa jirani yake tatu. Akaeleza vizuri, kwa sauti, bila kukwama. Kila alichoandika usiku alikisema, na alipomaliza, kipindi hakijafika hata nusu.

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Hapo ninyi wenyewe ni mashahidi. Mmewahi kuitika ndiyo ile mara ngapi?

Akawapa hesabu ileile waifanye. Akapita kati ya mikeka akichungulia. 25. Wa pili, 25. Wa tatu, 25. Watoto walikuwa wameona saba ni kubwa kuliko mbili, wakatoa mbili katika saba, wakapata tano, kisha moja katika tatu, wakapata mbili. Hawakubahatisha. Walitumia kanuni, ila kanuni yenyewe ilikuwa ya kwao, na darasa zima lilikubaliana nayo.

Mmoja tu, kigoli mwembamba aliyekaa karibu na mlango, hakuandika kitu. Alinyoosha kidole.

"Mwalimu, hii mbili ikishakopa, inalipa lini?"

Wenzake walicheka. Binti wetu hakucheka, kwa sababu hakuwa na jibu. Yeye mwenyewe alifundishwa kukopa, akakariri, akafaulu mtihani, wala hakuwahi kujiuliza deni lile linakwenda wapi. Akasema, "Nitakujibu kesho," akawatoa nje wakaimbe mpaka kengele ilipolia.

Usiku ule andalio lake lilikuwa fupi kuliko la jana. Kwenye zana aliandika vijiti na kamba za mgomba, na upande wa mwanafunzi ndio uliojaa.

Kesho yake watoto walikuja kila mmoja na vijiti vyake, vifupi kama njiti za kiberiti. Aliwaambia wahesabu kumi kumi na wafunge. Kila mtoto akawa na mafungu matatu na vijiti viwili vimebaki peke yake: 32. Sasa nipeni vijiti saba, akasema, akanyamaza. Kunyamaza kulimwia vigumu sana. Mdomo ulikuwa unamuwasha. Watoto walivitazama vile viwili, wakatazama mafungu. Mvulana mmoja akafungua fungu kwa meno. Vijiti kumi vikamwagika mkekani, vikachanganyika na viwili, vikawa kumi na viwili. Akatoa saba, vikabaki vitano. Kisha akatoa fungu moja zima, maana kumi na saba ni fungu na vijiti saba. Mbele yake palikuwa na fungu moja na vijiti vitano.

"Kumi na tano!"

Kelele zile zilimfanya mwalimu wa darasa la tatu achungulie dirishani.

Yule kigoli alivikusanya vijiti vyake vyote upya, akavihesabu. Thelathini na mbili, fungu likiwa limefungwa au limefunguliwa. "Kumbe haijakopa kwa mtu," akasema. "Imefungua ya kwake." Tangu siku hiyo binti wetu hakusema kukopa tena darasani kwake, alisema kufungua fungu, na mkaguzi alipolalamika kwamba kitabu hakisemi hivyo, alimwomba akae mkekani ahesabu na watoto.

Msidhani kila kitu kilikwenda hivyo. Madarasa mengine yalijaa kupita kiasi, vitabu vilikuwa haba, na wapo walimu wa UPE waliofundisha makosa kwa miaka kwa kuwa hakuna aliyekuja kuwatazama. Waliosema elimu ilishuka hawakusema uongo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 watoto walioandikishwa shuleni walikuwa wameongezeka sana, na wengi wao wasingeingia darasani kabisa kama ungesubiriwa mwaka 1989.

Siku hizi walimu wa mazoezi wanakuja shuleni kwenu kutoka vyuoni, kwa muda mfupi tu, na mkufunzi hukaa dawati la nyuma na fomu yake ya kutoa alama. Mkiona mikono ya mwalimu mgeni inatetemeka akiandika tarehe ubaoni, jueni usiku hakulala vizuri. Na akiwauliza kama mmeelewa, nanyi hamjaelewa, semeni hapana, mkufunzi awepo asiwepo.

Wale vijana wa 1976 wamekwisha kustaafu. Wengi walijiendeleza njiani kutoka Daraja C hadi A, baadhi wakawa walimu wakuu, na wachache bado wana watoto wa jirani barazani kila jioni, wanawafundisha hesabu bila malipo.